Mwaka wa skuli unaisha: mwambieni mwalimu kitu chenyewe alichomfanyia mtoto

mama_changamwe (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote.

Kwenye gurupu la wazazi wa darasa la mwanangu tunazungumzia mchango wa kuwaaga walimu. Mmoja ataka keki, mwingine ataka bahasha, wa tatu auliza kama shilingi 200 kwa kila mzazi zitatosha. Yote mazuri, na mimi nitachanga. Ila kuna jambo nililisema kule likapita haraka kati ya jumbe za M-Pesa, nimeona nilete huku niliandike kwa nafasi. Mwalimu anastahili kuambiwa, kwa maneno yaliyonyooka, ni kitu gani alichofanya ambacho kimebaki kwa mtoto. "Asante kwa kazi nzuri" haitoshi. Atajwe na kitendo chake.

Mwaka huu wa 2025 jambo hili lina uzito zaidi. Watoto wetu wa Gredi ya 9 ndio wa kwanza kabisa kufanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi. Walikuwa Gredi ya 3 CBC, mtaala mpya wa umilisi, ilipoingia nchi nzima 2019. Walikuwa Gredi ya 4 korona ilipofunga skuli Machi 2020, na Oktoba mwaka ule wakarudishwa kabla ya wenzao, wao na watahiniwa wa darasa la nane na kidato cha nne. Walifanya KPSEA ya kwanza, mtihani wa Gredi ya 6, 2022. Kisha 2023 sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, ikaletwa ndani ya skuli za msingi, kwa hivyo wengi hawajawahi kuvuka geti la skuli nyingine tangu chekechea. Januari wataingia Gredi ya 10 kwengine, na kuwaacha walimu ambao mtaala huu waliujifunza pamoja nao, wakati mwengine kwa tofauti ya wiki moja tu mbele ya mtoto. Walimu wengi wa sekondari msingi walianza kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mtu alipe nyumba Mombasa hii. Mwaka 2024 waliandamana kudai ajira ya kudumu. Wale waliorudi darasani wakiwa na uchungu ule bado waliwasahihishia watoto wetu madaftari.

Nianze na wangu. Mwanangu ana kigugumizi. Zamani akisimama kusoma, neno likikwama, darasa zima lilimmalizia, na walimu nao wakimmalizia, kwa nia njema, asije akaaibika. Mwisho akawa hasimami tena. Gredi ya 7 akampata mwalimu wa sayansi, binti kutoka bara. Huyu aliweka sharti: hakuna kummalizia mwenzako neno. Mtu akikwama, wote wangoje. Na yeye mwenyewe aliweka chaki mezani, akaitia mikono nyuma, akangoja. Siku ya wazazi ya muhula huu mwanangu ndiye aliyetueleza mradi wa kikundi chao wa kuchuja maji ya kisima. Alikwama, akakwama tena, na wale watoto walingoja bila hata mmoja kucheka, nyuso zimetulia kama kwamba ndivyo watu wote wanavyozungumza.

Nilimwendea mwalimu kumweleza nilichokiona. Akaniuliza, "Sharti gani?" Hakukumbuka kama aliwahi kuliweka. Kwake ilikuwa adabu ya kawaida ya darasa.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Mwalimu hajui ni kipi kilichoshika. Anafunza mamia ya vipindi, anasema maelfu ya maneno, na lile moja lililogeuza maisha ya mtoto hana njia ya kulitambua asipoambiwa. Fomu za TPAD, za kupima utendaji wa walimu, ambazo TSC, tume inayowaajiri, huwajazisha zinatazama maandalio ya vipindi, mahudhurio, maendeleo ya wanafunzi. Hazina mahali pa kuandika "nilimngoja mtoto mwenye kigugumizi amalize sentensi yake". Sisi wazazi na watoto ndio pekee tunaojua, na tukinyamaza jambo hilo halitaandikwa popote.

Mimi nilikuwa darasa la saba Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipoondoa karo za msingi. Nchi nzima wanafunzi wa msingi walipanda mwaka ule kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Darasani kwetu maana yake ilikuwa watano kwenye dawati moja na wengine sakafuni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alibeba rundo la madaftari ambalo sijui alilisahihisha saa ngapi. Na chini ya kila insha, baada ya alama, aliandika swali moja kwa wino mwekundu. Niliandika kuhusu moto uliozuka sokoni, akaniuliza: "Yule mwenye kibanda cha mitumba alilala wapi usiku huo?" Nikaketi kuandika jibu, likawa refu kuliko insha yenyewe.

Leo nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nusu ya kazi yangu ni barua: kontena limekwama, mteja anaongezewa gharama kila siku, forodha wanataka maelezo. Kabla sijatuma barua najiuliza huyu anayeisoma atauliza swali gani, nalijibu kabla hajauliza. Hilo sikulipata chuoni, nililipata kwa wino mwekundu. Mwalimu amestaafu, yuko Jomvu. Nilimwendea nikamwambia hivi nilivyowaandikia. Aliwaita wajukuu zake kutoka uani waje wakae, akaniambia nirudie tangu mwanzo.

Haya, karibuni. Kila mtu alete wake: mwalimu gani, na alifanya nini hasa. Majina ya watu tuyaache.

---

kivuko_asubuhi

Mama Changamwe, Mungu akuweke. Mke wangu ni mwalimu. Twaishi Likoni, yeye yuwafunza kisiwani. Alfajiri yuko kwenye feri na mkoba wa madaftari, jioni yuko kwenye feri na mkoba ule ule. Feri ikiharibika yeye huanza kusahihisha pale pale amesimama, daftari ameliegemeza kwenye reli.

Muhula uliopita mzazi mmoja alimtumia ujumbe wa mistari mitatu kumshukuru kwa kumhamisha mtoto dawati la mbele bila kumtangazia mbele ya wenzake kwamba haoni ubaoni. Mistari mitatu! Ameihifadhi kwenye simu, na siku akirudi amechoka nimemwona anaifungua. Kwa hivyo haya unayoyasema nayashuhudia nyumbani kwangu.

---

mtu_wa_magongo

Nitasema tofauti kidogo, mniwie radhi. Mimi skuli niliyosoma nilipigwa. Viboko vilipigwa marufuku na serikali 2001 lakini kwetu hakuna aliyeonekana kupata habari. Nilipigwa kwa kuchelewa, na nilikuwa nachelewa kwa sababu nilimpeleka mdogo wangu kwanza. Hakuna aliyeniuliza. Kila Novemba nikiona watu wanaimba "walimu ni wazazi wetu wa pili" roho yangu hukataa. Nimshukuru nani?

---

mama_changamwe

Ndugu yangu wa Magongo, usimshukuru yeyote ambaye moyo wako umemkataa. Uliyofanyiwa yalikuwa makosa, na sheria ilishasema ni makosa wakati yanafanyika.

Na hii ndiyo sababu siupendi ule wimbo wa jumla. Shukrani ikitolewa kwa walimu wote kwa mkupuo, yule aliyekupiga anaichukua sawasawa na yule aliyemngoja mwanangu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi naamini sifa ya jumla ndiyo inayotia maji. Ukimtaja mwalimu kwa kitendo, hakuna anayeweza kujipachika hapo. Mwalimu kijana anayesikia mwenzake akishukuriwa kwa kumuuliza mtoto kwa nini amechelewa, kesho naye atauliza.

---

chaki_nyeupe

Nimesoma tangu juu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefunza hesabu na baadaye Kiswahili katika skuli za Kisauni na Mvita mpaka nikafika miaka 60 ya TSC.

Niwaambie kitu ambacho walimu hatukisemi hadharani. Mwisho wa mwaka mwalimu hujikumbusha wale alioshindwa nao. Yule aliyeacha skuli akaenda kuuza maji ya chupa kwenye foleni. Yule msichana aliyeolewa kati ya muhula wa pili na wa tatu. Mtoto aliyepasua mtihani hakusumbui usingizi. Yule uliyeshindwa naye ndiye unayekwenda naye nyumbani. Zamani matokeo ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, yalipokuwa yakipangwa kwa nafasi, skuli ya kwanza mpaka ya mwisho, tulikuwa tunatazamwa kwa nambari moja tu, na mwalimu wa skuli ya mtaa wa dhiki aliyemfikisha mtoto kutoka hajui kusoma hadi anasoma gazeti hakuwa na mahali popote kwenye orodha ile.

Katika sanduku langu nimeweka karatasi zisizofika kumi. Moja imekatwa kwenye daftari la hesabu, ya mistari miraba. Msichana ameandika: "Asante mwalimu kwa kunirudishia kalamu yangu bila kunifokea." Basi. Sikumbuki kalamu hiyo. Sikumbuki siku hiyo. Lakini tangu niipate karatasi ile, kila nilipomnyang'anya mtoto kitu darasani nilikirudisha kwa namna hiyo, kwa sauti ya chini, baada ya wenzake kutoka. Msichana yule alinifunza kazi yangu, na hajui.

Kwa hivyo nawaomba wazazi: mnapoandika, msinitungie mashairi ya mwanga na giza. Niandikieni somo lilikuwa lipi, mtoto alikuwa amekaa wapi, nilisema nini. Mwalimu akisoma hivyo anajua afanye tena nini mwakani. Keki tunakula sote ofisini na siku ya pili imekwisha. Namshukuru aliyeileta, lakini imekwisha.

---

binti_wa_kibokoni

Maalim, umeniliza.

Mimi nataka kuwakumbusha walimu wa chuo cha Qur'ani pia. Hawa hawako kwenye orodha ya TSC, hawana TPAD wala pensheni, wanategemea ada ya wazazi ambayo mwezi mwengine yafika na mwengine haifiki. Maalim wangu alinianzisha alifu nikiwa mdogo hata miguu haifiki chini kwenye benchi. Alikuwa na mazoea ya kutuuliza jana tulimsaidia nani nyumbani, kabla hajatusikiliza sura. Nikawa nikirudi kwetu natafuta kazi ya kufanya nipate la kujibu. Mpaka leo, na nina watoto wangu, swali hilo nawauliza mezani.

Huku Mji wa Kale tunajua kufuata nyayo za mwalimu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyetoa gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932 alikuwa mwalimu kabla ya yote, na alipofariki 1947 darsa zake hazikuzikwa naye. Mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye akafunza wengine. Mtu akisoma kwa ustadhi huulizwa, "Na yeye alisoma kwa nani?" Ningependa na skuli tuwe tukiuliza hivyo.

---

fundi_miritini

Mimi si mtu wa maneno. Nilisoma ufundi wa kuchomelea katika taasisi ambayo wazee waliiita MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), kwetu ilikuwa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwalimu wetu wa karakana alichora ukutani kwa rangi umbo la kila kifaa, nyundo, koleo, msumeno. Jioni hakuna kwenda nyumbani mpaka kila umbo limefunikwa na kifaa chake. Tulimwona msumbufu.

Sasa nina karakana yangu, na ukuta wangu una michoro ile ile. Sijapoteza kifaa na vijana wangu hawagombani. Nimesoma uzi huu nikapiga picha ya ukuta. Kesho namtumia.

---

msomaji_tudor

Nasomea uchumi, naomba niongeze kitu. Kuna utafiti wa Raj Chetty, John Friedman na Jonah Rockoff uliochapishwa 2014 nchini Marekani. Walichukua rekodi za skuli na za kodi za watoto zaidi ya milioni moja, wakawafuatilia mpaka ukubwani. Waliokutana na walimu wenye uwezo wa kuinua alama za wanafunzi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kwenda chuo kikuu, na mishahara yao ilikuwa mikubwa zaidi.

Lililonishangaza ni hili. Ukitazama alama za mitihani ya miaka inayofuata, faida ya mwalimu yule inapungua mwaka baada ya mwaka, unaweza kudhani imepotea. Halafu mtoto akiwa mtu mzima inaonekana tena, kwenye kipato na maisha yake. Marekani si Mombasa, najua. Lakini ukisoma hadithi ya wino mwekundu hapo juu unaona ni jambo lile lile: KCPE haikuweza kupima swali la mwenye kibanda cha mitumba.

---

mama_changamwe

Msomaji, shukran sana, hilo la kufifia halafu kurudi nimelisoma mara mbili.

Limenikumbusha Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Kiswahili wa hapa hapa Mombasa. Kile kitabu cha historia ya Kiswahili alichoandika na Mathias Mnyampala, ambacho vizazi vya wanafunzi wamekisoma, kilitoka 1977. Yeye alikuwa ameshafariki 1976. Hakukiona mkononi mwa mwanafunzi hata mmoja. Walimu wengi wako katika hali hiyo, isipokuwa wao hawana kitabu, wana watu waliotawanyika, mmoja bandarini, mmoja karakana Miritini, mmoja mezani na watoto wake Kibokoni.

Kila mwaka tarehe 5 Oktoba dunia huadhimisha siku ya walimu, tangu 1994, na hotuba hutolewa. Na 2019 Wakenya tulifurahi sote Peter Tabichi wa Keriko, kule Njoro, aliposhinda tuzo ya dola milioni moja ya mwalimu bora duniani. Alistahili. Lakini walimu hawatakutana wote na tuzo. Barua ya mtoto inaweza kumfikia kila mmoja wao, na haigharimu zaidi ya karatasi.

---

mjumbe_wa_wazazi

Swali la kiutendaji. Mimi ni mweka hazina wa gurupu letu. Wazazi wengine wamependekeza tumpe mwalimu wa darasa bahasha ya pesa taslimu. Wengine wasema hiyo ni rushwa. Mwasemaje?

---

chaki_nyeupe

Mwalimu wa umma anabanwa na sheria kuhusu zawadi, kwa hivyo mwulizeni hedmasta kwanza, msimtie mwalimu mashakani. Mimi ningewashauri hivi: zawadi itoke kwa darasa zima, iwe ndogo, itolewe mbele ya watu, na itolewe baada ya mitihani na ripoti kumalizika. Mzazi asiende peke yake na bahasha. Na aliyekosa mchango mtoto wake asitengwe, maana mwalimu akijua hilo hatakuwa na furaha na keki yenu.

---

binti_wa_kibokoni

Na leso jamani! Nendeni Biashara Street, mchague yenye jina la shukrani. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alipewa leso na akina mama wa mtaani, mpaka leo akienda harusini huivaa na kueleza aliyempa.

---

mtu_wa_magongo

Nimerudi. Tangu jana nawaza, na kuna mmoja. Alikuwa akiweka vitabu vya maktaba, kabati moja tu lenye mlango uliovunjika. Jumamosi alikuwa akija kulifungua, halipwi. Nilisoma kila kitabu cha lile kabati. Sijawahi kumfikiria kama mwalimu kwa sababu hakuwahi kunifunza somo. Nitamtafuta.

---

mama_changamwe

Mtafute, ndugu yangu. Na ukimpata mwambie vitabu gani.

Kwa wazazi wa darasa letu: tumekubaliana kwenye gurupu. Keki ipo, leso mbili zitanunuliwa, na litazunguka daftari kubwa ambalo kila mtoto ataandika ukurasa wake mwenyewe. Mzazi asimwandikie. Ambaye kuandika kwamlemea achore, au azungumze na mwenzake amwandikie vilevile alivyosema. Wazazi wasiosoma wamweleze mtoto, naye aandike. Kuna kurasa za mpishi na mlinzi wa geti pia, maana watoto wenyewe wamezidai.

Tatizo lililobaki ni moja. Mwalimu wa hesabu alihamishiwa Kwale muhula wa kwanza, na watoto wameshamwandikia barua zake. Nambari yake ya simu ya zamani haipatikani. Aliye na njia ya kumfikia anitumie ujumbe wa faragha.

---

kivuko_asubuhi

Mke wangu ana wenzake aliosoma nao chuo cha ualimu, wako skuli za Matuga na Msambweni. Nipe jina lake faraghani, tutaulizia. Barua zilete kivukoni upande wa Likoni Jumamosi asubuhi, mimi mwenyewe nitazipokea.